Kila upande unajua tasa ni wa kwao, na Jumapili kuna kikao. Nisaidieni

Baba_wa_Kesho (Lubumbashi)
Yambo wakubwa. Mimi na bibi yangu tuko Katuba, ndoa ina miaka sasa na mtoto hajaja. Sisi ni watu wa kucheka. Jina la mtoto tumeshalitoa na kulibadilisha, shule atakayosoma tumeibishania mpaka tukanuniana.

Maswali ya ndugu yalipozidi tukawekeana sheria. Kwetu, mimi nasema mbovu ni mimi. Kwao, yeye anasema ni yeye. Kila mtu abebe mzigo mbele ya ndugu zake ili mukwe asiguswe. Tukirudi nyumbani tunahesabiana waliotuombea. Bibi huwa ananishinda, kwao kuna pasta mwenye mkono mwepesi wa mafuta: siku moja alimmwagia chupa nzima, akarudi kikwembe kimelowa hadi kiunoni, nikamuuliza kama nilete na vitunguu.

Sasa kulikuwa na kilio Likasi, pande zote zikafika. Mama yangu akamfuata mama mukwe kumuomba msamaha kwa ajili yangu. Kumbe mama mukwe naye anamtafuta mama amuombe msamaha kwa ajili ya binti yake! Wamelia pamoja. Wameshakata shauri kwamba sote wawili ni wabovu, na Jumapili wazee wanakuja, kila upande na dawa zake.

Naomba ushauri: tuseme nini?

Mzigo_Mzito (Dar)
Sisi tulisubiri mpaka nikachoka, nikauza kitanda nilipe kodi. Tukalala chini. Mwezi haukuisha, mke kanasa. Uza kitanda, mkuu.

Dada_Ruzizi (Bukavu)
Umeandika pasta, mafuta na kilio. Daktari simuoni. Vipimo vinasemaje?

Baba_wa_Kesho
Tulikwenda, dada. Bibi kapigwa ile picha ya mirija ya uzazi, iko wazi. Homoni zake nzuri. Turudi kwa Jumapili basi.

Dada_Ruzizi
Na wewe?

Baba_wa_Kesho
Mimi niko mzima. Nafanya kazi nzito mgodini, sijawahi kulala hospitali.

Dada_Ruzizi
Sijauliza kazi.

Kijiweni
Natia nanga hapa. Aliye karibu na karanga azungushe.

Mzee_wa_Busara (Tanga)
Watoto ni majaliwa. Vijana wa leo mna haraka. Subira, sala na heshima kwa wazazi. Ikishindikana, oa wa pili.

Mama_Neema
Mzee, sheria ya familia ya Kongo ya 1987 haimruhusu kufunga ndoa nyingine juu ya hii. Halafu huyo wa pili atazaa na mbegu za nani?

Baba_wa_Kesho
Sawa. Nilipima. Nilikwenda peke yangu, bibi hajui. Milioni 6 kwa mililita, na zinazokwenda mbele ni asilimia 15. Karatasi iko chini ya tairi la akiba. Lakini msinihukumu bure. Kwetu si nasema kila siku kwamba ni mimi? Nimemdanganya nani hapo? Na tiba nimeshaanza: jamaa wa famasi ananichoma sindano za testosteroni. Nguvu zikirudi bibi atashika mimba na maneno yataisha yenyewe.

Dada_Ruzizi
ACHA HIZO SINDANO. Nafanya kazi ya uuguzi, nisikilize. Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, ubongo unaona imejaa na kuacha kuagiza, na korodani zinapunguza kutengeneza mbegu. Unaweza kutoka milioni 6 ukafika sifuri huku kifua kinatanuka. Mpaka wa chini wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni milioni 16 kwa mililita na asilimia 30 zinazokwenda mbele. Uko chini, ila hujaisha. Kipimo kimoja hakitoshi, hata homa kali ya malaria ya juzi inashusha. Mwambie daktari kuhusu sindano, akuangalie kama kuna mishipa iliyovimba kwenye korodani, akupangie kurudia. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo usikimbilie kesho. Kabla ya kipimo kaa siku 2 hadi 7 bila tendo. Na usimfiche mkeo aliyelala kwenye meza ya picha, ile picha inauma.

Kamalondo_Damu
Mazembe tulifika fainali ya dunia ya klabu mwaka 2010, mbegu zako hazivuki hata katikati ya uwanja. Zinasogea kwa makalio kama kipa wetu Kidiaba akishangilia goli.

Baba_wa_Kesho
😂 Hiyo nitamsomea bibi. Nitakapomwambia. Nataka kwanza nipone.

Mukubwa_Kampemba
Jamani, mimi ni wa hapa Lubumbashi. Wamama wawili waombane msamaha kilioni? Ninaowajua mimi wangeanza kwa kugombania kiti. Halafu nani anapiga picha ya mirija kabla ya kumpa mwanaume kikombe? Hii chai, na sukari imezidi.

Mzigo_Mzito
Nilihisi. Mafuta ya pasta ndiyo yaliyonishtua.

Mama_Neema
Wewe wa kuuza kitanda ndiye wa kushtuka?

Dada_Ruzizi
Mwanamke anapimwa kwanza karibu kila mahali, mume anabaki nje na simu. Mtunga chai angeandika sifuri ili tulie. Milioni 6 na asilimia 15 hazitungwi, hizo zimetoka kwenye karatasi. Na zikigoma kupanda, bado kuna ile njia ambayo Wabelgiji wa Brussels waliitangaza mwaka 1992: mbegu moja inachomwa ndani ya yai. Bei yake ni kali, lakini inahitaji moja tu yenye uhai.

Mukubwa_Kampemba
Basi aweke picha ya tairi la akiba.

Baba_wa_Kesho
Siweki, gari inajulikana mtaa mzima. Dada, sindano nimesimamisha, zimebaki mbili. Ila Jumapili nitasema "ni mimi" kama kawaida. Bibi atadhani ni zamu yangu.

Mama_Neema
Kikao kiko kwenu au kwao?

Baba_wa_Kesho
Kwetu.

Mama_Neema
Na pale wa kwao watakapomgeukia binti yao aseme lake?

Kijiweni
Mkuu, hizo sindano mbili unauzaje?