Mapacha wanatimiza 18: shangazi anataka ngoma ya mila, watoto wanataka DJ, na mimi nataka Lingala yangu. Nifanyeje?

NalongoWalukuba:

Wapendwa hamjambo humu. Naomba mnivumilie ni ndefu kidogo, hapa Jinja sina wa kumuuliza ambaye habari haitafika sokoni kabla yangu.

Mimi ni mama wa miaka 48, nashona nguo hapa Walukuba. Mume ni Msoga wa Kamuli, mimi nilizaliwa kambini, baba alikuwa mwanajeshi na mama ni Mkonzo wa Kasese, ndio maana kwetu ni Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi mpaka tunazima taa. Watoto wetu wa kwanza ni mapacha, Babirye na Tenywa, msichana ndiye alitangulia. Mtaani wananiita Nalongo, yaani mama wa mapacha, mama mkwe ananiita Nabirye kwa Kisoga chake na mume, baba wa mapacha, ni Isabirye. Desemba hii wanatimiza 18 na S.6, kidato cha sita, wanamaliza wote wawili, tukasema na mzee mwaka huu tufanye kitu, maana bethidei zao zote zimepita kwa soda na mandazi huku redio ya jirani inapiga nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya, mwaka nenda mwaka rudi.

Sasa shida ndio hii. Walipozaliwa tulikuwa Kampala tunapanga chumba kimoja, pesa hakuna, kwa hiyo ile mila ya mapacha haikufanywa. Shangazi yao mkubwa, dada ya mume wangu, amesema hawa watoto hawaendi chuo popote kabla hawajafanyiwa. Anataka ngoma, anataka ukoo uje, na zile nyimbo. Wenye mapacha mnazijua, maneno yake huwezi kuyasema mbele ya mtu unayemheshimu, na siku hiyo yanaimbwa mbele ya wakwe! Na mimi naimba kwaya kanisani jamani.

Watoto wao wanataka DJ, keki ya ghorofa mbili na marafiki arobaini. Mzee wangu anataka amani tu, ukimuuliza anasema "nyinyi pangeni". Pesa tuliyonayo ni milioni 2 na laki 8, na DJ peke yake ametaja laki 6 na nusu, mafuta ya jenereta juu yangu. Halafu mama mkwe anasema kila kitu kiwe viwili viwili, mbuzi wawili, kuku wawili wawili, mpaka keki nafikiri ataitaka mbili.

Na mimi nina kangu kadogo. Kule kambini baba alikuwa na redio ya kaseti, mshahara ukitoka mama anakaanga samaki, baba anaweka Franco wa Kongo, hiyo ndio Lingala ninayosema. Alikuwa hachezi kwa miguu, anakaa kwenye kiti chake anacheza kwa mabega tu, na sisi watoto nyuma yake tunaiga. 1989 nilikuwa na miaka 12, Franco akafa Oktoba, Desemba ileile akafa Lutaaya, baba akakaa siku mbili hagusi redio kabisa. Mpaka leo nikiwa kwenye cherehani lazima Lingala iwe inalia la sivyo mshono unaenda upande. Nimeomba saa moja tu kwenye sherehe wapige Franco, Tabu Ley na Mbilia Bel, Babirye ananiambia "Mama, utaua vaibu". Saa moja! Miaka 18 nimewalea.

Nishaurini, niunganishe yote siku moja au nigawe? Na zile nyimbo nazifanyaje?

SalongoMbale:

Pole Nalongo mwenzangu. Wangu walifanyiwa wana miaka 11 na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa, kwa hiyo 18 isikutishe. Ila usichanganye na disko. Nendeni Kamuli Ijumaa mfanye ya ukoo huko kwa mama mkwe, ngoma za majirani, chakula cha shambani, gharama inakuwa ndogo, Jumamosi mrudi Jinja mfanye ya keki. Kuhusu nyimbo, yale siku ile sio matusi. Ni mapacha wanafurahiwa hivyo. Baba mkwe wangu mwalimu mkuu mzima aliimba mpaka akakauka sauti, Jumatatu nikakutana naye amevaa tai ananiuliza habari za kazi kama hakuna kilichotokea.

Mlokole_Tu:

Dada usikubali. Hayo ni mambo ya mizimu, mtu wa kwaya hawezi kucheza ngoma hizo. Waombee watoto, kata keki, basi.

MamaKiiza:

@Mlokole_Tu kanisani kwetu mchungaji anaitwa Waiswa, jina la pacha. Unadhani hilo jina alipewa na Mtume Paulo?

Mlokole_Tu:

Jina ni jina tu, ngoma ni kitu kingine.

SalongoMbale:

Hapo kidogo ana haki, mila zina sehemu nyingi na sio lazima mfanye zote. Sisi tulikaa na wazee tukaambiana hii tunafanya, hii ya mganga hatuitaki, na wakakubali. Mzee wako ndiye azungumze na dada yake, asijifiche kwenye "pangeni nyinyi". Ukoo ni wake.

Kijana256:

Anti shikamoo. Mimi nina miaka 20 nipo upande wa Babirye lakini nitakusaidia. Usiombe saa moja ya kucheza, hapo watagoma. Omba wakati wa chakula, kama saa kumi jioni. Watu wapo kwenye foleni na sahani, hakuna vaibu ya kuua hapo, unapiga Lingala yako tangu pilau mpaka mifupa na hakuna atakayelalamika.

NalongoWalukuba:

Asante mwanangu lakini wakati wa chakula mimi nitakuwa nyuma kwenye masufuria napakua, nitaisikia na nani?

DJ_Mpakani:

Salamu kutoka Busia. Hii ni kazi yangu mwaka wa tisa, niwaambie kitu kuhusu Lingala za zamani. Nyingi ni ndefu, dakika nane, kumi, zingine zinapita hapo. Mwanzo ni taratibu mwimbaji anasimulia shida zake, halafu katikati au kuelekea mwisho gita zinafunguka, hapo ndio panaitwa sebene. Vijana hawana shida na sebene, shida yao ni zile dakika tano za kusubiri. DJ anayejua anaingilia hapohapo gita zinapofunguka, anapiga dakika tatu, anavuka kwenye nyingine. Mimi nimechezesha watoto wa chuo sebene za kabla hawajazaliwa na hawakujua wanacheza muziki wa baba zao.

Pili, usimpe DJ nyimbo za kurekodi kwa simu au zile za kutumiwa kwenye WhatsApp, kwenye spika kubwa zinalia kama bati. Tafuta safi weka kwenye flashi, umpe siku mbili kabla, sio siku yenyewe ana jasho na waya mkononi. Na laki 6 na nusu bila mafuta ni nyingi kwa Walukuba, mpunguze. Mlipe nusu, nusu baada ya kazi.

MzeeBombo:

Nimeona Franco nikakaa chini. DJ kataka kuzikata nyimbo, aibu! Zile dakika tano za mwanzo ndio wimbo wenyewe kijana, huko mwisho ni kutoa jasho. Na msisahau hiyo Lingala imepita hapahapa kwetu, Samba Mapangala alipiga Kampala miaka ya sabini kabla hajaenda zake Nairobi. Nalongo chukua bendi ya watu wazima, magita na saksafoni. Afrigo wapo tangu 1975 na bado wanapiga.

DJ_Mpakani:

Mzee kwa heshima yote, ana milioni 2 na laki 8 na mbuzi wawili ndani yake. Bendi kubwa akishailipa wageni watakula saksafoni.

MzeeBombo:

Basi angalau usikate.

Muiganga:

Mbona hakuna anayetaja embaire? Kama mnaenda Kamuli tafuteni wapigaji, ni marimba yetu ya Busoga, wanachimba shimo, wanalaza vigogo vya mgomba pembeni, juu wanapanga mbao kubwa na watu zaidi ya watano wanapiga chombo kimoja wamekaa pande mbili. Shimo ndio spika, jenereta ya nini. Watoto wa mjini wakiona hiyo simu zote zitatoka mfukoni.

MamaKiiza:

Nyabo mimi nimesoma maelezo yako mara mbili. Mila umeuliza, ndio. Lakini pale kwa baba yako na kiti chake ndipo mkono wako umeandika bila kupumua. Umewaambia watoto hiyo habari ya mabega? Au umewaambia tu "nataka Lingala"? Maana mtoto akisikia Lingala anasikia baa ya barabarani. Na kitu kingine, usiombe. Nani ameshona, nani amelipa fizi za shule? Unawaambia, saa fulani ni yangu.

NalongoWalukuba (baada ya siku tisa):

Nimerudi. Nilikuwa na yunifomu za shule na gomesi tatu za harusi juu ya meza.

Mzee amepiga simu kwa dada yake hatimaye. Wamekubaliana, Ijumaa Kamuli, Jumamosi Jinja, mganga hapana. Shangazi akaja Jumapili akae siku mbili "kuniandaa". Tukawa jikoni tunamenya matoke, mimi nikamwambia basi niimbie nisikie hayo maneno nisije nikaanguka siku yenyewe. Akageuka kuangalia mlango, akashusha sauti akaanza, na kisu kinaendelea kumenya, uso wake mkavu kama anasoma matangazo ya vifo kwenye redio. Wapendwa! Huyu mama ana miaka 67, ndiye aliyenifundisha kupiga magoti. Nilicheka mpaka matoke yakaanguka kwenye majivu.

Kumbe Babirye yupo dirishani anarekodi kwa simu. Kisoga chao ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo akaingia na simu anauliza neno mojamoja lina maana gani. Shangazi akasema muulize baba yako. Akaenda kweli! Mzee akakumbuka ghafla kwamba pikipiki haina mafuta, akarudi saa tatu usiku. Tenywa ndiye alipata tafsiri, sijui wapi, na sasa wanaimba wote wawili bafuni na mimi ndio nafunga madirisha majirani wasisikie.

Kwaya bado sijawaambia. Nitawaalika Jumamosi tu, ya Ijumaa watasikia wenyewe.

Embaire tumeuliza, wapo watu kijiji cha pili kutoka kwa mama mkwe, wanataka usafiri, chakula na malwa, ile pombe ya kienyeji, kwa hiyo tumewachukua. Mama mkwe ameuliza kama wanaweza kuja na embaire mbili.

Na ile ya mabega, MamaKiiza ulinisema vizuri. Usiku ule umeme ulikatika tukawa tumekaa nje nikawasimulia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikawaonyesha. Hawakusema kitu. Tenywa aliuliza tu, "Babu alikuwa anaanza na bega gani?" Sikujua. Nimekaa naliwaza mpaka leo, nafikiri ni la kushoto.

DJ tumempata mwingine, laki 4 na mafuta ndani. Nimempelekea flashi yenye nyimbo kumi na moja kama alivyosema DJ_Mpakani. Amenipigia anasema mama chagua tatu. Nimemwambia nne, na ya kwanza asiikate, ipigwe tangu mwanzo. Nasubiri ajibu.

MzeeBombo:

Mungu akubariki.

MamaKiiza:

Usishuke hapo. Nne.