Tupeane uzoefu: nyumba ya mapumziko ya familia nje ya Dodoma, mlipachaguaje?

Baba Watatu:
Wakuu, salaam. Nilihamia Dodoma mwaka 2018 na wizara nikitokea Dar. Tumejenga Nzuguni na watoto watatu wanasoma hapa hapa. Mimi na mama watoto tumeweka akiba miaka mitano, sasa tunataka kanyumba nje ya mji, pa kwenda na watoto likizo ya Juni na ya Desemba, wachunge hata mbuzi wawili, wajue mlenda unachumwa wapi. Si biashara, wala hatutapangisha. Mliotangulia, tusimulieni: mlipachaguaje, na leo mnajutia nini?

Naanza na yetu. Machi mwaka jana dalali alitupeleka Hombolo. Bwawa limejaa, majani yamefika magotini, ndege kila aina. Ekari moja na nusu, na mwisho wa kiwanja ni maji. Mimi nilishasema ndiyo moyoni. Mama watoto akasema, "Baba, turudi Oktoba kwanza, hela haiozi." Tulirudi Oktoba. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali, tope limekauka na kupasuka kama vigae, hakuna jani. Jirani akatukaribisha chai, na chai ile ilikuwa na chumvi. Kisima chake ndicho hicho, maji ya kunywa ananunua kwa madumu. Watu wa pale ni wakarimu na mahali ni pazuri, lakini ningelipa Machi ningenunua nyumba ya miezi minne.

Mpimaji Mstaafu:
Mkuu, mshukuru mama watoto mara mbili. Hilo la "mwisho wa kiwanja ni maji" ni tatizo jingine kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ungejenga baraza lako pale, siku ya kubomolewa dalali humwoni.

Yangu ni ya makaratasi. Mwaka 2020 nilinunua shamba kijijini, upande wa Chamwino, kwa mzee mmoja mwaminifu kabisa. Tuliandikiana mbele ya mashahidi, mhuri ukagongwa, nikalipa. Nimefanya kazi ya ardhi miaka mingi na bado nilipitiwa. Ile ilikuwa ardhi ya kijiji, na sehemu yake kijiji kilishaitenga kwa malisho. Mzee alikuwa akilima pembeni kwa kuvumiliwa tu. Wafugaji walipoleta ng'ombe walikuwa na haki yao. Nilirudishiwa nusu ya hela, nyingine alishaozesha kijana.

Kwa hiyo ukiwa nje ya mji jambo la kwanza ni kujua unakanyaga ardhi ipi. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni, yaani mawe ya mipaka, na namba. Unakwenda ofisi ya ardhi, unafanya upekuzi, unajua mwenye jina ni nani na kama kuna mkopo juu yake. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia. Kuna Halmashauri ya Kijiji, kuna Mkutano Mkuu. Nenda kakae kwenye huo mkutano, usikie watu wanasema nini juu ya kipande hicho. Na muuzaji akiwa na mke, mke asaini. Kama ni nyumba wanamoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu aiuze bila ridhaa ya mwenzake.

Fundi Msingi:
Mimi nimejengea watu wengi nyumba za namna hii, na yangu ipo njia ya Bahi. Kosa langu lilikuwa udongo. Niliuona mweusi nikafurahi, nikijua mboga zitakubali. Ule ni udongo wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa, na nyumba inavutwa huku na huku. Mwaka wa pili ufa wa ukutani ulimeza kidole. Nilibomoa upande mmoja nikachimba upya hadi kwenye udongo mgumu, na gharama ya msingi ikapita ya kuta.

Chimba shimo la mita moja na nusu kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Na funga mkanda wa zege juu ya kuta hata kama nyumba ni ya vyumba viwili, maana Bonde la Ufa linapita huku kwetu na ardhi inatikisika mara kwa mara, hasa upande wa Chenene na Haneti.

Halafu nenda Januari pia, si Oktoba tu. Korongo ambalo Agosti unalivuka kwa ndala, Januari linashuka na miti. Tulilala ndani ya gari na mtoto wa miezi saba tukisubiri maji yapungue.

Mama Asali:
Nimesoma wote, asanteni. Naomba niulize ambacho hakijaulizwa: likizo hiyo ni ya nani?

Tulikuwa na nyumba nzuri sana, saa mbili na nusu kutoka mjini. Kila tukifika, siku ya kwanza nilifagia vumbi na kinyesi cha popo. Siku ya pili nilikuwa naangalia tenki limebaki kiasi gani. Siku ya tatu nafua, ya nne tunafunga mizigo. Mume wangu na watoto walirudi wamenenepa, mimi nilirudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Nilivumilia miaka mitatu kabla ya kusema, na nilipolisema nililia. Aliposikia hakubishana. Tuliuza.

Sasa tuna nyumba ndogo Veyula. Haina mandhari ya kupigia picha. Lakini jirani kuna mama mmoja anayeishi pale na wanawe, tunamlipa kila mwezi, naye anajua tunakuja lini. Tukifika pamefagiliwa, maji yapo, ugali wa uwele na mlenda viko mezani. Tunakwenda mara mbili kwa mwezi badala ya mara mbili kwa mwaka. Ndugu Baba Watatu, ukichagua eneo, chagua jirani kabla ya mandhari. Nyumba inayolala tupu miezi kumi bila jicho la mtu, mchwa wataikuta kabla yenu.

Chilonwa:
Mpwapwa. Milima, hewa, maembe, njia ya kupitia Mbande na Kongwa. Sijutii chochote isipokuwa kuchelewa.

Mwana wa Irangi:
Mimi nitasema Kondoa, na si kwa sababu ni kwetu. Lami ya Dodoma hadi Babati ilifunguliwa 2018, Kondoa ni kama kilomita 160. Ukivuka tambarare ukaanza kupanda, hewa inabadilika, na Bereko jioni utatafuta sweta. Kondoa mjini kuna chemchemi inayotoa maji mwaka mzima. Watoto wangu nimewapandisha Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Binti wa miaka tisa alikaa kimya mbele ya mwamba robo saa nzima, kisha akaniuliza waliochora walikuwa na watoto.

Tahadhari yetu ni mmomonyoko. Ardhi nyekundu ya Irangi, huku kwetu Kondoa, ililiwa na maji hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Kingo za makorongo bado zinamomonyoka. Babu yangu alikuwa akinionyesha mwembe uliosimama katikati ya shamba alipokuwa kijana, sasa uko ukingoni. Ukionyeshwa kiwanja, muulize mzee wa pale korongo lilikuwa wapi alipooa.

Baba Watatu:
Wakuu, nimesoma hadi usiku, na mama watoto nimemsomea kwa sauti. Palipomgusa ni pale pa Mama Asali, alisema nirudie. Tumekubaliana isizidi saa moja na nusu, kwa hiyo Kondoa tutakwenda kama wageni, Kolo ni lazima. Wikendi hii tunaanza upande wa Veyula kuuliza majirani kabla ya kuuliza bei.

Swali moja limebaki. Paa la mita za mraba 100 huku kwetu litanijazia tenki la ukubwa gani?

Fundi Msingi:
Mkuu, mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa hilo linapokea lita 55,000, ukitoa zinazopotea hesabu 40,000. Kwa wageni wa siku chache tenki la lita 10,000 linatosha, lakini huyo mama wa kuangalia nyumba na wanawe watakunywa humo humo kuanzia Mei hadi Novemba. Weka mawili, na moja liwe lake.