Naomba ushauri: trekta na zana za kuanzia kwa shamba la ekari 90, Kiteto

Mama wa Usa River (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu wakulima. Kwa miaka 11 nimelima ekari 5 za mboga na mahindi wilayani Arumeru kwa kutumia pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili la kuongoza kwa mikono) yenye rotaveta, ile zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, na kwa kweli imenifaa sana. Sasa ardhi ya familia imegawanywa, sehemu yangu imebaki ndogo mno, nami nimepata shamba la ekari 90 wilayani Kiteto, upande unaopakana na Kongwa, ambako natarajia kuhamia kabla ya mvua za vuli. Nimetenga shilingi milioni 36. Ninachoomba kujua ni kitu kimoja tu: je, trekta lenye nguvu za farasi 50 linatosha kwa eneo hilo, na zana zipi niwe nazo tangu mwanzo? Jambo hili linaninyima usingizi, kwa hiyo nitashukuru kwa jibu la mapema.

Dereva wa Kibaigwa

Karibu sana huku kwetu, dada. Mimi nakushauri uchukue Massey Ferguson bila kuhangaika, kwa sababu spea zake zinapatikana kirahisi na karibu kila fundi wa huku amelifungua mara nyingi. Mwaka mmoja nilikuwa dereva wa tajiri aliyenunua trekta jipya la aina ngeni, zuri kweli kwa macho, na katikati ya msimu sili ya hidroliki ikapasuka. Tulikaa siku 9 tukiisubiri kutoka Dar es Salaam, mvua zikanyesha na kukatika, na majirani wakapanda sisi tukitazama. Tangu hapo sijali rangi wala urembo wa trekta; swali langu la kwanza ni spea zake ziko wapi.

Bwana Haro

Ndugu yangu, kabla ya kujadili aina tufanye hesabu. Jembe la sahani mbili, ambalo ndilo saizi ya farasi 50, hukata upana wa takriban sentimita 60. Ukienda kilomita 5 kwa saa, na ukaondoa muda wa kugeuza na kujaza dizeli, utalima kama nusu ekari kwa saa, yaani ekari 4 na kitu kwa siku ya saa 8. Ekari 90 zitakuchukua siku 20, na hapo hujapiga haro, yaani kuvunja mabonge, wala kupanda. Trekta la farasi 75 lenye jembe la sahani tatu litamaliza kazi hiyo kwa siku 13 au 14. Hata hivyo hesabu hii yote inategemea udongo. Tuambie, ni kichanga, ni udongo mwekundu au ni mbuga, yaani mfinyanzi mweusi? Na je, shamba limeng'olewa visiki?

Mwalimu Mstaafu

Mama, mimi nitakwenda kinyume kidogo na wenzangu, kwa sababu naona mnazungumzia zana kabla ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, hata ikigongwa mihuri mitatu, haikulindi. Kiteto imepitia migogoro mizito ya wakulima na wafugaji, watu wamepoteza maisha, na huwezi kujua ulipouziwa ni njia ya mifugo mpaka siku ng'ombe watakapopita juu ya mahindi yako. Nakusihi uhakikishe muhtasari wa mkutano upo kabla hujanunua hata nati moja.

Mama wa Usa River

Asanteni nyote. Mwalimu, muhtasari wa mkutano mkuu ninao, nakala yake iko kwa mtendaji wa kijiji, na majirani wote wanne walisaini mipaka; jambo hilo nililifuatilia mwenyewe kwa miezi mitatu. Bwana Haro, udongo ni mzuri, mweusi, unaonekana una rutuba kuliko hata wa kwetu. Kuhusu zana, mimi ninapendelea rotaveta kwa sababu nimeizoea, inasaga udongo ukawa laini mara moja, na hivyo sihitaji kununua jembe na haro kwa pamoja. Naomba maoni kuhusu hilo.

Bwana Haro

Dada, umejibu la udongo ukaruka la visiki, na hilo ndilo swali lenyewe. Katika ekari hizo 90, ni ngapi zimekwishalimwa?

Mama wa Usa River

Nimekaa na swali lako tangu jana. Zilizokwishalimwa ni ekari 28. Zilizobaki 62 ni pori ambalo mwenye shamba wa awali alilikata kwa ajili ya mkaa, kwa hiyo miti haipo lakini visiki vipo, na sehemu ya chini ni mbuga ambayo sasa imepasuka nyufa. Sikusema mwanzoni kwa sababu niliamini visiki ni kazi ya vibarua, si ya trekta.

Niseme na la pili. Nimekwisha kutoa shilingi milioni 6 za kishika nafasi kwa trekta lililotumika, la farasi 50, lisilovuta kwa magurudumu ya mbele, pamoja na rotaveta na tela, kwa jumla ya milioni 29. Muuzaji ni shemeji yangu. Ni mtu mwaminifu, amenipunguzia bei, na aliposikia nahama alikataa wanunuzi wengine wawili kwa ajili yangu. Naomba mnielewe kwamba sikukurupuka.

Mjukuu wa Kongwa

Mama, umenigusa, kwa sababu hapo unapokwenda ni jirani kabisa na mahali ambapo babu yangu alikuwa utingo wa matingatinga ya Waingereza. Mwaka 1947 walianza pale Kongwa mpango wa karanga, wakilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Babu alisimulia kwamba mti ulio juu haukuwasumbua kama mizizi iliyo chini: tingatinga liliangusha kichaka kwa dakika chache, kisha jembe likaja nyuma na kuvunjika kwenye mizizi. Kiangazi kilipokuja, udongo ukakauka ukawa kama sakafu ya saruji, na karanga zilizokuwa ndani hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango ulifungwa. Walikuwa na fedha za serikali nzima, dada yangu, nawe una milioni 36. Sikukatishi tamaa, ila nataka usipigane na ardhi ile kwa chombo kisichoiweza.

Bwana Haro

Asante, Mjukuu. Dada, nieleze jambo la rotaveta kwa kirefu, maana ndipo fedha yako itakapopotelea. Udongo wa Meru ni wa volkano, mwepesi, umelimwa miaka mingi na hauna mizizi; visu vya rotaveta vinapita kama kijiko kwenye uji. Kisu hicho hicho kikigonga kisiki cha mgunga kinapinda au kinakatika, na mshtuko wake unarudi kwenye shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, hadi ndani ya giaboksi. Kwenye udongo mkavu, rotaveta itakupa vumbi juu na tabaka gumu chini, na mvua ya kwanza itatiririka badala ya kuzama. Sahani ni tofauti: zinazunguka, na zikikutana na mzizi hupanda juu yake na kuendelea. Ndiyo maana wakulima wa ukanda ule hutumia jembe la sahani kwa shamba jipya, kisha haro, na wengine siku hizi hupasua mistari kwa ripa, zana yenye meno marefu, wakati wa kiangazi ili maji yaingie. Hata pawatila nyingi zilizoletwa enzi za mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, ziliishia kuvuta tela mahali penye udongo mgumu, kwa sababu zilifaa zaidi majaruba ya mpunga.

Mbuga nayo ina siku chache tu za kulimika. Ikiwa kavu haiingiliki, ikilowa sana inanata kwenye sahani na matairi yanateleza. Hapo trekta lisilovuta mbele linajichimbia shimo lake lenyewe.

Fundi wa Dizeli

Mimi nitasema la ufundi tu. Shemeji au si shemeji, trekta lililotumika lipimwe. Fika asubuhi kabla halijawashwa, ushike injini kwa mkono uhakikishe ni ya baridi, kisha liwashwe mbele yako. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Inua zana nzito kwa mikono ya nyuma, zima injini, na utazame kama inabaki juu. Shika tairi la mbele ulitikise. Mwisho, linganisha namba ya chesesi na kadi.

Jicho la Pili

Samahani wakuu, lakini mimi naona tunachezewa. Mtu amenunua ekari 90 Kiteto, na bado anasubiri "mvua za vuli", wakati kila aliyewahi kulima kule anajua kwamba kuna msimu mmoja tu, unaoanza kati ya Novemba na Desemba hadi karibu Aprili. Kwanza hakukuwa na visiki, sasa kuna visiki. Kwanza hakukuwa na trekta, sasa kuna la shemeji, tena la bei nzuri. Kwa uzoefu wangu, hadithi ya namna hii huishia na namba ya simu ya dalali. Nawaomba wenzangu wasitoe maarifa yao bure kwa tangazo la biashara.

Dereva wa Kibaigwa

Na mimi, kusema kweli, nimeanza kuwa na shaka. Mtu anayelipa milioni 6 bila kuuliza, halafu anauliza!

Mwalimu Mstaafu

Tuwe na uungwana, vijana. Mtu wa Arumeru anataja vuli kwa sababu kwao kuna vuli na masika, ndivyo alivyozoea. Na nani kati yetu hajawahi kulipa kwanza na kuuliza baadaye, hasa mbele ya jamaa? Mama, rudi utueleze.

Mama wa Usa River

Nimerudi baada ya siku sita, na nimeumia kuitwa dalali, lakini naelewa kwa nini. Kuhusu vuli, Mwalimu amesema kweli yote. Mwenyekiti wa kitongoji amenieleza juzi kwamba kule hawana vuli, nami niliona aibu.

Jumamosi nilikwenda shambani na kijana mmoja mwenye sururu. Tulichimba mashimo manne. Katika ekari zilizolimwa, sururu ilizama vizuri hadi kama shibiri moja, kisha ikaanza kurudi juu kwa mlio, kama imegonga tofali. Katika pori, shimo la kwanza hatukulimaliza: kisiki kilichoonekana cha ukubwa wa sahani ya chakula kilikuwa na mizizi minene kama mkono wangu, inayokwenda pande zote, na sururu ilivunjika mpini. Kwenye mbuga niliingiza fimbo ya kuchungia kwenye ufa, ikaingia yote nikabaki nimeshika kichwa chake.

Jumatatu nilikwenda kwa shemeji asubuhi na mapema, nikafanya kama Fundi alivyoelekeza. Injini iliwaka vizuri na mafuta ya giaboksi yalikuwa safi. Lakini tulipoinua rotaveta na kuzima injini, ilianza kushuka polepole, na kabla sijahesabu hadi 50 visu vilikuwa vimegusa chini. Shemeji mwenyewe alishangaa. Nilimwonyesha picha za visiki, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema trekta lake halina kazi Kiteto na kwamba asingependa nilikumbuke jina lake kila jembe litakapokwama. Amenirudishia milioni 4, na 2 zilizobaki atanipa akiuza mahindi. Tela nimelinunua, kwa sababu ni imara na nitalihitaji kwa vyovyote.

Sasa swali langu limebadilika. Nikilima ekari 28 tu mwaka huu kwa trekta la kukodi, na fedha nyingine nikaiweka kwenye kung'oa visiki, je, nitakuwa nimekosea?

Jicho la Pili

Dada, nakuomba radhi kwa moyo wote. Dalali hasimulii hidroliki iliyoshuka.

Bwana Haro

Hujakosea. Ng'oa visiki sasa wakati vibarua wanapatikana, anza na ekari 20 zinazopakana na zile 28, na mbuga uiache kwanza. Msimu ukiisha utakuwa umejua udongo wako, na hapo tutazungumza kuhusu farasi 75 linalovuta magurudumu yote manne, na jembe la sahani tatu.

Dereva wa Kibaigwa

Nami nisamehe, dada. Wenye matrekta wa kukodi huwa wanajaa oda kuanzia Novemba, kwa hiyo zungumza nao mapema, na mkubaliane kwamba malipo ni kwa ekari zilizopimwa, hatua 70 kwa 70, na upime wewe mwenyewe kabla dereva hajashusha jembe.