Bethdei yangu, mgahawa wa Kifaransa na KILE KIDOLE

Wakuu, naandika nikiwa kwenye bajaji, mikono inatetemeka. Mkikuta herufi zimeruka, pitilizeni.

Mnamjua. Jina kapuni, lakini mnamjua. Yule aliyeondoka na hotpot kwenye harusi ya Mbezi. Yule anayezungusha funguo za gari kidoleni na gari lenyewe hakuna aliyewahi kulitia machoni. Huyo huyo.

Wiki nzima ananiambia, "Dada'angu, mwaka huu hakuna kumwagiwa maji uani. Mwaka huu nakutoa. Masaki, kwa Wafaransa, mimi ndiye mwenyeji." Nikasuka. Nikaazima viatu. Nikaja na mdogo wangu na mumewe, maana alisema lete watu, bethdei bila watu ni msiba.

Tumefika. Sahani ukubwa wa ungo, chakula ukubwa wa kifungo cha shati. Menyu yote Kifaransa, naye anaisoma kwa sauti ya puani, mhudumu, kijana wa Kibosho kabisa, anamtazama tu. Akaagiza konokono wa siagi na kitunguu saumu. Unapewa koleo na kiuma chembamba umtoe mwenyewe kwenye gamba. Wa kwangu akaruka akatua meza ya jirani. Akaagiza maini ya bata. Akaagiza supu ya vitunguu, ile yenye mkate na jibini juu. VITUNGUU, wakuu. Chupa ikiisha anainua mkono: "Nyingine! Leo siku ya dada yangu!"

Nikadhani tumemaliza, kumbe kwa Wafaransa jibini linakuja kabla ya kitindamlo. Kipande kimoja kilinuka mpaka shemeji akachungulia soli za viatu vyake.

Mwishoni ikaja krimu iliyounguzwa sukari juu, mshumaa mmoja, wakaimba, nikatoa chozi. Bili ikaletwa kwenye kile kijalada cha ngozi. Mhudumu akaiweka mbele yake. Mbele YAKE. Naye, bila kukatisha stori aliyokuwa anapiga, akaweka kidole kimoja juu ya kijalada, akakisukuma. Kikateleza kwenye kitambaa cheupe, kikapita chumvi, kikapita maua, kikasimama kwangu. Akasema, "Mwenye siku yake huyo."

Kidole KIMOJA. Mkono mzima sikustahili.

940,000. Shemeji kachangia, iliyobaki nimekopa kausha damu nikiwa chooni. Natoka chooni namkuta anaomba kifungashio cha jibini. Kwa kidole kile kile anaonyesha kipande anachotaka.

Nasemaje, kukisukuma kwa kidole! Angekibeba basi aniletee!

Binti Rufiji: Uzi bila picha ya bili ni chai. Tupia.

Mzee wa Gongo la Mboto: Konokono sisi tunawamwagia chumvi wasimalize mchicha. Wewe umewamwagia siagi. Lipa tu.

Mleta uzi: Mzee wangu hujasoma. Shida si konokono. Shida ni kidole.

Kijiwe Namba Moja: Kidole gani? Cha shahada au kidogo? Tusihukumu kabla ya ushahidi.

Mleta uzi: CHA SHAHADA. Chenye pete.

Ustadhi Magomeni: Swali dogo. Mliletewa jogoo? Yule jogoo wa Kifaransa anapikwa ndani ya mvinyo mwekundu. Huyo shemeji ni ndugu yetu?

Mleta uzi: Alikula sahani mbili ustadhi. Akasema mchuzi una ukwaju mzuri. Naomba asiambiwe.

Ustadhi Magomeni: La haula.

Mbeba Boksi Paris: Mnapigwa huko. Huku karafa la maji ya bomba ni bure, mkate hauhesabiwi, malipo ya huduma yamo kwenye bei kisheria, na bili haiji mpaka uiombe. Mlo wa Kifaransa upo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2010, si kitu cha kukimbiza kimbiza.

Binti Rufiji: Mkuu, nani kakuuliza?

Mbeba Boksi Paris: Nachangia tu. Na huku aliyekualika ndiye anayelipa.

Mleta uzi: MMESIKIA? MMESIKIA LAKINI?

Fundi Bomba: Mimi nipo na jamaa. Siku hiyo amezaliwa nani, yeye au wewe? Na viatu umerudisha?

Mama Wawili: Afadhali wewe umekula. Mimi nimetoa mchango wa harusi laki mbili, kadi ya dabo. Nafika mlangoni kadi inasoma mmoja ameshaingia! Mume wangu kala karanga na walinzi mpaka saa sita usiku. Na kwenye video ya harusi anaonekana nyuma, getini, kila dakika.

Kijiwe Namba Moja: Kamati za harusi ni genge. Mimi kikao cha kwanza tu waliniandika ahadi sijaitoa.

Chausiku wa Ubungo: Samahani. Hotpot gani la Mbezi? La maua mekundu, mfuniko umepasuka pembeni?

Mleta uzi: Ndilo. Tuongelee kidole kwanza.

Chausiku wa Ubungo: Hapana, tuongelee hotpot. Hilo ni la mama yangu. Analitafuta tangu ile harusi, ameshagombana na majirani nyumba tatu!

Mama Wawili: Na pilau lake lilikuwemo? Kwa sababu meza yetu halikufika.

Chausiku wa Ubungo: Lilikuwemo. Nyama zote juu.

Mama Wawili: Sasa huyo ni wa kupelekwa serikali za mitaa.

Mkulima Muheza: Wakuu, turudi kwenye hoja ya msingi. Konokono wana soko? Huku wamejaa kwenye migomba, wakubwa, mtu mmoja anajaza kiganja.

Mbeba Boksi Paris: Hao si wale wa Burgundy mkuu. Wa kwenu ni aina nyingine kabisa.

Mkulima Muheza: Ukishaweka siagi nani atajua?

Mzee wa Gongo la Mboto: Mchele nao umepanda.

Dalali Mkuranga: Mkuu wa konokono, nina ekari 2 barabarani, maji yapo, hati ipo. Njoo PM tuongee.