Nihame kazi au nitulie?

Wa Likoni: Jamani, naandika programu za mizigo hapa Mombasa, bado kwa Java 8, lile toleo la 2014 la lugha ya kuandikia programu. Mshahara unaingia, ila ujuzi unashika kutu. Nairobi wameniita kwa pesa zaidi kidogo. Mke hataki kusikia.

Wa Nyali: Kidogo kiasi gani? Kodi ya nyumba itaimeza yote. Waulize kama utafanyia kazi huku huku.

Wa Tudor: Yakhe, omba kwanza uhamishie mfumo Java 21, ujifunze huku walipwa.

Wa Likoni: Niliomba. Meneja kasema, "Mfumo unafanya kazi, usiuguse."

Wa Tudor: Basi hama! Saini mkataba mpya kwanza, ndipo utoe notisi. Kwa mshahara wa mwezi, sheria ya ajira ya 2007 yataka siku 28.