Mrejesho: mtoto wa miaka 3 asiyeweza kutoa makohozi
Wakuu, miezi miwili iliyopita niliuliza mwanangu atapimwaje TB wakati hajui kutoa makohozi. Asanteni mno. Tulianza na mpira wa puani wa kuvuta majimaji ya tumboni alfajiri kabla hajala, maana makohozi mtoto huyameza. Siku ya kwanza ilishindikana, bibi yake alishamnywesha uji. Ya pili walipata. Alilia sana, nikamshika mikono mwenyewe. Majibu: hakuna vimelea. Daktari akasema hiyo haimaanishi hana TB. Aliyeshauri choo kikubwa kipimwe kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vimelea vya TB), Mungu akubariki: kikopo kimoja, hakuna maumivu, na TB ikaonekana. Yuko wiki ya tatu ya dawa za kuyeyusha kwenye maji. Jana kaomba ugali mwenyewe.