Mzee wa miaka 85, TSH 7, T4 ya kawaida: aanzishiwe levothairoksini au aachwe?

Mtoa hoja
Wakuu, msimamo wangu ni kwamba aachwe. Kipimo cha damu kinarudi na TSH (homoni inayoiamrisha tezi ya shingoni, thairoidi, ifanye kazi) ya 7 mIU/L, T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe, iko sawa, lakini karatasi ya maabara ina alama nyekundu kwa sababu kikomo chake ni 4 na ushei. Basi mzee anaandikiwa kidonge cha maisha yote, levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa. Kikomo hicho hakikupimwa kwa rika lake. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotoka 2007 ulionyesha kuwa kwa waliovuka miaka 80 wasio na ugonjwa wa tezi, kikomo cha juu kinafika takriban 7.5. Namba hupanda na umri. Tunatibu uzee kana kwamba ni maradhi.

Mpinzani
Sikubali. Mzee huyo amechoka, anahisi baridi, choo kigumu, anasahau. Hizo ndizo dalili za thairoidi kupungua nguvu. Dawa ni ya zamani na inajulikana vizuri, kwa nini anyimwe?

Mchangiaji wa tatu
Kwa sababu imejaribiwa. Utafiti wa TRUST wa 2017 ulikuwa na watu 737 wenye miaka 65 na zaidi, TSH kati ya 4.6 na 19.99, wengine wakipewa dawa, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja TSH ilishuka kwa waliotumia dawa, lakini uchovu na dalili nyingine havikutofautiana kati ya makundi. Choo kigumu na usahaulifu katika umri huo vina sababu nyingi: dawa nyingine, upungufu wa damu, huzuni, kutokunywa maji ya kutosha.

Mpinzani
Wastani wa umri wao ulikuwa 74 na wastani wa TSH 6.4. Huo si ushahidi wa mtu wa miaka 85, wala wa mwenye TSH 14.

Mchangiaji wa tatu
La umri limejibiwa: mwaka 2019 zilikusanywa takwimu za watu 251 wenye miaka 80 na kuendelea, na hawakupata nafuu. Kule Leiden, Uholanzi, watu 599 walifuatiliwa tangu miaka 85 hadi 89. Wenye TSH ya juu walikufa kwa kasi ndogo zaidi. Huo ni ufuatiliaji tu, hauthibitishi kuwa TSH ya juu ndiyo iliyowalinda, ila unatosha kuondoa hofu. La TSH 14 nakuachia, waliokuwa juu ya 10 walikuwa wachache mno.

Mtu wa maabara
Mnabishana juu ya kipimo kimoja! Rudieni baada ya miezi 2 hadi 3 pamoja na T4 huru, kwani mara nyingi namba hurudi kawaida yenyewe. Mgonjwa anayepona nimonia au upasuaji anaweza kupandisha TSH kwa wiki kadhaa bila tezi kuwa na tatizo. Ulizeni kuhusu amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo) na lithiamu (dawa ya akili), ambazo huvuruga tezi. Ulizeni pia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini: katika mashine nyingi hushusha TSH kwa uongo na kupandisha T4, hivyo hupotosha kwa upande wa pili. Visimamishwe angalau siku 2.

Mfamasia
Ikiamuliwa apewe, tusimpe dozi ya kijana ya maikrogramu 1.6 kwa kilo. Anzeni na 12.5 au 25, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Anywe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kalsiamu na madini ya chuma vikae mbali kwa saa 4, la sivyo dawa haifyonzwi, kisha mtu anaongezewa dozi bila sababu. Mwili huchukua takriban siku 7 kuondoa nusu ya dawa, kwa hiyo kupima kabla ya wiki 6 ni kujidanganya. Kubwa zaidi: TSH isishushwe kupita kiasi. Utafiti wa Framingham wa 1994 ulionyesha kuwa kwa waliofikisha miaka 60, TSH ya 0.1 au chini yake iliongeza mara 3 hatari ya moyo kupiga bila mpangilio ndani ya miaka 10. Mifupa nayo hudhoofika.

Mpinzani
Hapo kwenye moyo nakubali. Na waliokwisha kuanzishiwa miaka iliyopita, tuwakatie tu?

Mfamasia
Hapana! Kwanza ijulikane kwa nini alianza. Aliyetolewa tezi, aliyetibiwa kwa iodini ya mionzi, au ambaye T4 yake ilishuka kweli, haachi. Aliyeanzishwa kwa TSH 6 pekee apunguziwe maikrogramu 25 kila hatua, apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. T4 ikishuka chini ya kawaida, arudishwe kwenye dozi iliyotangulia.

Mpinzani
Basi tubaki na kundi la TSH kati ya 10 na 20. Jopo la wataalamu lililopinga dawa hizi mwaka 2019 liliwaacha nje waliovuka 20. Kwa mwenye 14, T4 inayokaribia mpaka wa chini na kingamwili zinazoshambulia tezi zikiwepo, mimi bado ningeanza na 25. Nani ana hoja ya kunizuia?